Maswali ya wasomaji: Ule msikiti wa Old Kampala ni wa nani hasa?

Toleo lililopita tuliweka picha ya msikiti mkubwa wa Kampala, picha moja tu na mstari mmoja wa maelezo, tukadhani yameisha. Meseji zimeingia nyingi mpaka nimeona safu nzima ya leo iwe ya huo msikiti. Siwezi kujibu wote, nimechagua wanne, na wengine mtaona swali lenu limejibiwa ndani ya la mwenzenu.

Habari za kazi mwalimu. Mimi dereva wa lori, natoka Mwanza napeleka mzigo Kampala kupitia Mutukula. Kila nikiulizia ule msikiti wa juu kilimani napata majibu tofauti. Boda mmoja kaniambia wa Gaddafi, mwingine kasema ni wa Amin, alafu mzee mmoja wa gereji akakasirika kabisa akasema ni wa Waislamu wa Uganda basi, tusimtafutie mwenyewe mwingine. Nani mkweli?
*Dereva, Mwanza*

Nzuri ndugu yangu, pole na barabara. Hao wote watatu hakuna aliyekudanganya, ila mzee wa gereji ndo kasema neno ambalo na mimi ningelianza nalo.

Amin alichukua nchi Januari 1971. Wakati huo Waislamu wa Uganda walikuwa wamegawanyika vibaya, maana Obote, yule aliyepinduliwa, tangu 1965 alikuwa na chama chake cha Waislamu, NAAM, kikiongozwa na ndugu yake Adoko Nekyon, na upande wa pili kulikuwa na watu wa Mwanamfalme Badru Kakungulu wa Kibuli, na ukiwa wa huku huwezi kusali kwa amani kule. Amin akawaita pamoja, ikazaliwa Baraza Kuu la Waislamu, ile UMSC, mwaka 1972, na wakapewa kilima cha Old Kampala kiwe makao makuu yao na pajengwe msikiti wa taifa. Ujenzi ukaanza mwaka huohuo. Mwaka 1976 ukasimama, uchumi umeshaanguka, hela hakuna, na miaka mitatu baadae Amin mwenyewe akakimbia. Askari wetu wa Tanzania walioingia Kampala Aprili 1979, na najua baadhi yenu mnaosoma hapa mlikuwepo, jengo mlilikuta hapo juu halijaisha.

Likakaa hivyo. Serikali zinakuja zinaondoka, vita vinapita, watoto wanazaliwa wanakua wanaoa na msikiti bado haujaisha. Mpaka 2001 ndo Gaddafi, kiongozi wa Libya, akakubali kuubeba, Libya ikalipa, jengo likakamilika 2006, na Machi 2008 ukafunguliwa rasmi mwenyewe akiwepo pamoja na Museveni. Ukaitwa kwa jina lake. Oktoba 2011 akauawa kwao, na 2013 jina likabadilishwa ukawa Msikiti wa Taifa wa Uganda. Mabango yamebadilika ila midomo ya watu bado, boda wengi ukimwambia Gaddafi anawasha pikipiki hapohapo, ukimwambia Msikiti wa Taifa anafikiria kwanza.

Sasa mimi msimamo wangu ni huu na nausema wazi. Aliyelipa apewe shukrani yake, hilo halina mjadala, nyumba ya ibada ya watu karibu 15,000 si kitu cha kujengwa kwa michango ya Ijumaa. Lakini kutoka 1976 mpaka 2001 ni miaka 25, na katika miaka yote hiyo kuna watu walikuwa wanapanda kile kilima wanatazama nguzo zimesimama bila kuisha na wanaendelea kuwa Waislamu wa Kampala bila Amin na bila Gaddafi. Na kabla ya hao kuna wengine zaidi, ambao ndo nawajibu kwenye swali linalofuata. Kwa hiyo ukifika tena gereji msalimie huyo mzee, mwambie kuna mtu Tanzania yuko upande wake.

Mwalimu shikamoo. Niko kidato cha tano, Morogoro. Notisi zetu zinasema Uislamu ulipelekwa Buganda na Waarabu na zinaishia hapohapo, mstari mmoja. Ni akina nani hao, walifikaje, na kama walitangulia mbona leo Waislamu Uganda ni wachache kuliko Wakristo?
*Mwanafunzi, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Umeuliza vizuri sana na mstari mmoja hautoshi kabisa, kaa tuongee.

Jina la kushika ni Ahmed bin Ibrahim. Alifika kwenye kasri la Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Suuna wa Pili, mwaka 1844. Njia yao ilikuwa inatoka pwani, inaingia Tabora, inapanda Karagwe, ndo unaingia Buganda, na ile safari haikuwa ya Waarabu peke yao, karavani ilikuwa na Waswahili wa pwani na wapagazi Wanyamwezi, watu wa huku kwetu wamebeba mzigo kichwani miezi na miezi. Notisi zikiandika Waarabu tu zinawaacha nje wengi walioutembea huo mwendo.

Kisa kinachosimuliwa mpaka leo ni hiki. Suuna alikuwa akiamuru watu wauawe mbele yake, jambo la kawaida kasrini, na kila mtu ananyamaza. Ahmed bin Ibrahim akasimama akamwambia Kabaka kwamba hawa watu unaowaua wameumbwa na Mungu, huyohuyo aliyekuumba wewe na kukupa ufalme. Hebu fikiria, mgeni, mfanyabiashara, yuko mbali na kwao, hana jeshi, anamwambia hivyo mfalme mbele ya watu wake. Suuna hakumuua. Alimuuliza huyo Mungu ni nani, akataka afundishwe, na inasemekana alijifunza sura kadhaa za Qur'ani. Mimi kila nikikisoma hiki kisa nasimama kidogo, maana Uislamu wa Uganda haukuanza na jengo wala na vita, ulianza na mtu mmoja aliyeshindwa kunyamaza.

Suuna alifariki 1856, akaja mwanawe Mutesa wa Kwanza, na huyo ndo aliingia kwa undani. Kuanzia 1867 alifunga Ramadhani miaka kumi hivi mfululizo, akajenga msikiti kasrini, watu wakafundishwa kusali na kusalimiana kiislamu, vijana wa kasri wakawa wanasoma. Ila jambo moja alikataa, kutahiriwa, kwa sababu mila ya Buganda hairuhusu damu ya Kabaka kumwagika. Hapo ndo mambo yalipoharibika. Vijana waliosoma zaidi wakaanza kusema hatuwezi kusali nyuma ya imamu asiyetahiriwa, na nyama iliyochinjwa na mchinjaji wa Kabaka hatuli. Kwa mfalme huo ni uasi. Mwaka 1876 wakachomwa moto Namugongo, wanatajwa kuwa kama 70. Namugongo hiyohiyo ambayo dunia nzima inaijua kwa mashahidi wa Kikristo waliouawa miaka kumi baadae chini ya Kabaka Mwanga, mwana wa Mutesa. Wale vijana wa Kiislamu walitangulia, na leo pana msikiti pale wa kuwakumbuka, lakini ukiuliza watu kumi barabarani sijui kama wawili wanajua. Hili linaniuma kwa kweli.

Sasa kwa nini wachache. Wamisionari wa Kianglikana waliingia 1877, Wakatoliki 1879, kwa hiyo miaka ya 80 kasri lina makundi matatu ya wasomaji, na wote waliitwa hivyo, abasomi, wawe wanasoma Qur'ani au Biblia. Mwaka 1888 wakaungana wakampindua Mwanga, na wiki chache tu baadae Waislamu wakawageuka wenzao wakashika nchi na kumweka Kalema, ndugu yake Mwanga, ambaye yeye alikubali kutahiriwa. Haikudumu. Kufikia mwanzoni mwa 1890 Mwanga amerudi kwa msaada wa Wakristo, Waislamu wamesukumwa mpaka mipaka ya Bunyoro, na Kalema akafariki huko, uongozi ukamwangukia Nuhu Mbogo, ndugu yake Mutesa. Desemba mwaka huo Lugard, ofisa wa Kiingereza, anaingia na bunduki za kampuni ya Kiingereza na ndo basi. Mwaka 1893 Mbogo akahamishiwa Zanzibar kwa nguvu, akarudishwa baadae.

Alafu ukija mkataba wa 1900 wa Buganda ndo unaona hesabu kwa namba. Misheni tatu za Kikristo zilipewa maili za mraba 92. Mbogo pamoja na wafuasi wake wote, maili za mraba 24. Na machifu wakubwa wakawa Waprotestanti na Wakatoliki, Waislamu wakabaki na saza moja, yaani jimbo moja, Butambala. Ardhi ndo shule, shule ndo kazi serikalini, na shule zilikuwa za misheni, kwa hiyo mtoto wa Kiislamu akitaka kusoma ilibidi mzazi apime kati ya elimu na dini ya mwanae. Kakungulu, mtoto wa Mbogo, ndo alikuja kuhangaika na shule za Kiislamu miaka ya 1940 na kuendelea. Unaona sasa? Si kwamba watu waliukataa Uislamu. Walishindwa vita, na walioshinda ndo waliogawa ardhi.

Kitu cha mwisho mwanangu, kwa sababu unasoma kwa Kiswahili. Sikiliza Kiganda. Msikiti kwao ni *omuzikiti*. Kitabu ni *ekitabo*. Mkristo akiomba wanasema *okusaba*, lakini Mwislamu akisali wanasema *okusaala*. Zile karavani ziliisha zamani lakini ndani ya mdomo wa Mganda bado zinapita kila siku.

Mwanangu, nilisoma Makerere miaka ya sitini na Jumapili tulikuwa tunapanda kilima cha Old Kampala kwenda kuiona ngome ya Lugard. Nimesikia ilivunjwa kupisha huo msikiti. Mimi ni Mwislamu na nimefurahi msikiti kujengwa, lakini historia hata ikiwa chungu haivunjwi. Nawe unasemaje?
*Mzee wa Tanga*

Shikamoo mzee wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili na nakubaliana nawe, japo najua wapo watakaonikasirikia.

Kwanza niwaeleze wasioijua. Kile kilima ndo kilichoupa mji jina. Ma-Kabaka walikuwa wanafuga swala pale, na Waingereza walipouliza wakatajiwa kilima cha *impala*, *akasozi ke'empala*, ikawa Kampala. Lugard alifika Desemba 1890, Kabaka yuko Mengo kilima cha pili, yeye akachagua hiki, akapiga kambi na kujenga boma lake. Ndani ya wiki moja na kitu Mwanga akawa ameshatia saini mkataba. Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipopigana Mengo, Lugard akiwa hapohapo kilimani na bunduki zake za Maxim aliwasaidia Waprotestanti na Wakatoliki wakashindwa. Hapo juu ndo Uganda ya kikoloni ilipozaliwa. Na mwaka 1908 jengo la ngome ndo likaanza kuwa makumbusho ya kwanza ya Uganda, wenyeji wakaliita *Enyumba ya Mayembe*, nyumba ya hirizi, kwa sababu ya vitu vilivyokuwa vimehifadhiwa mule.

Wakati wa ujenzi wa msikiti, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngome ya asili ikaondolewa na ikajengwa nyingine ya mfano pembeni kidogo hapohapo kilimani. Nimeiona. Kijumba cheupe, safi, rangi mpya, na nilipogusa ukuta sikuhisi kitu mzee wangu. Kuta za zamani zina alama, zina mahali pamechubuka, pana msumari mtu alipigilia zamani, hii haina chochote kwa sababu hakuna kitu kilichotokea ndani yake. Walikosea. Kilima ni kikubwa na wahandisi walioweza kusimamisha mnara ule wangeweza kupata namna ya kuviacha viwili vikae pamoja.

Na kinachonisikitisha zaidi ni kwamba Waislamu walikuwa na haki yao ndani ya ngome ile. Watu wanaiona ni ya mzungu tu. Lakini mwaka 1891 Lugard alikwenda magharibi akawachukua mabaki ya askari wa Kisudani wa Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri kusini mwa Sudan, mamia ya askari na familia zao, wakawa ndo jeshi lake. Hao ni Waislamu, na hao ndo waliozaa Wanubi wa Uganda ambao mpaka leo wanaongea Kinubi chao na Kiswahili. Walitumiwa na mkoloni, ndiyo, na kamanda wao Selim Bey alipoonekana anawaonea huruma Waislamu wenzake mwaka 1893 Waingereza walimkamata wakamsafirisha kwenda pwani, akafia njiani huko Naivasha. Adhana haikuanza kusikika kwenye kilima kile 1972, watu walikuwa wanasali kwenye mavumbi ya lile boma miaka 80 kabla. Ngome ingebaki, mwongozaji angempeleka mgeni kwenye ukuta akamwambia hapa walisimama askari waliokuwa wanaswali kuelekea Makka huku wanamlinda Mwingereza, alafu anageuka anamwonyesha msikiti. Sasa inabidi aeleze kwa mdomo.

Hujambo kaka. Mimi ni mama wa Kikristo kutoka Mombasa, naenda Kampala kwenye harusi ya mpwa wangu mwezi ujao. Naweza kuingia kuuona? Na nimesikia kuna msikiti mwingine Kibuli na hawaelewani, nisije nikakosea kuuliza mambo.
*Mama wa harusi, Mombasa*

Sijambo dada, na hongera ya harusi. Unaingia bila shida yoyote, wanapokea wageni wa dini zote na kuna waongozaji hapohapo getini, unalipa kiingilio kidogo. Kwa mwanamke kichwa na miguu ifunikwe, ukienda na suruali wala usihangaike, wana mitandio na vitambaa vya kujifunga wanakufunga wenyewe vizuri tu. Wewe wa Mombasa beba leso zako umemaliza.

La Kibuli nikuambie kwa kifupi. Ni msikiti mkongwe kuliko huu, jiwe la msingi aliweka Prince Aly Khan, mtoto wa Aga Khan, mwaka 1941 na ukafunguliwa 1951, kwenye ardhi ya Kakungulu, yule mtoto wa Mbogo niliyemtaja. Miaka ya 2000 yalizuka malalamiko makubwa kuhusu mali za Waislamu zilivyosimamiwa Old Kampala, na Januari 2009 watu wa Kibuli wakachagua mufti wao wenyewe. Kwa hiyo pana mamufti wawili. Wewe mgeni usiulize nani mufti wa kweli, uliza historia tu, watakuambia kila kitu na watakukaribisha chai. Mimi nimesali kote kuwili na sijawahi kuulizwa wa upande gani.

Ukiingia ndani ya Old Kampala simama kwanza katikati ya zulia usitembee, inua macho kwenye kuba. Waongozaji watakueleza zulia limetoka Libya, taa zile kubwa za kuning'inia Misri, vioo vya rangi Italia, nakshi za ukutani ni mkono wa mafundi wa Morocco, na mbao ni za hapohapo Afrika. Mimi kilichonikaa ni mbao. Nenda karibu na mlango uweke kiganja, wakati wa asubuhi kabla ya joto, unasikia harufu yake bado, na pale usawa wa mkono wa mtu mzima imeshaanza kung'aa kwa kuguswa na watu wanaotoka na kuingia. Jengo bado changa na tayari lina alama za watu wake.

Alafu mnara. Ngazi 304, zinazunguka zinazunguka, kwa hiyo kunywa maji na usipande siku ya harusi yenyewe. Ukifika juu mwambie mwongozaji akuanzie upande wa Mengo kwa Kabaka, kisha Namirembe uone kanisa kuu la Kianglikana na kuba lake, kisha Rubaga kwa Wakatoliki yenye minara miwili, na mwisho akugeuze mashariki kuna kilima chenye msikiti mweupe kwenye miti, hapo ndo Kibuli. Hivyo vilima vyote vilivyopigana nilivyovieleza hapo juu unaviona kwa kugeuza shingo tu, na chini yako barabara za mji zinatawanyika na teksi zake, kelele zinafika juu kwa mbali kama mvua kwenye bati la jirani.

Usiende Ijumaa mchana, hutapata nafasi ya kupita. Nenda Jumatatu au Jumanne kama saa tatu asubuhi, jua likiwa bado upande wa Kibuli.